Ndege wa Waridi na Jenereta ya Bosi

Alhamisi, 6 Agosti
Binti yangu anaondoka Jumatatu kwenda shule ya bweni. Ameomba jambo moja tu: awaone flamingo, wale ndege wa rangi ya waridi, kule hifadhi ya pwani kabla hawajahama. Rahisi! Ila shemeji, kaka wa mke wangu, naye anakuja. Mwezi jana aliipeleka familia yake hoteli yenye bwawa la kuogelea, na mpaka leo hatupumui kwa majigambo. Safari hii atakoma.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimepeleleza. Hifadhi haina kitu. Hakuna kiti, hakuna duka. Aibu tupu! Nimeazima bwawa la plastiki la kujaza upepo, pampu yake, na jenereta ya kazini. (Mimi ni fundi rangi. Bosi hajui, na si lazima ajue.) Mke wangu ameuliza bwawa la nini na bahari ipo. Nimemwambia haelewi mambo.

Jumamosi, 8 Agosti
Kimya cha kule! Nilisikia tumbo langu mwenyewe. Ndege walikuwepo, mamia, wamesimama majini karibu na mikoko. Binti yangu akanyata na daftari lake la kuchorea, akakaa mchangani. Shemeji akapiga miayo, akauliza burudani iko wapi. Nikawasha jenereta.

Waliruka wote kwa mpigo. Hakubaki hata mmoja. Askari wa hifadhi alikuja mbio, akaizima, akanieleza kwa upole kwamba hawatarudi hadi mwakani. Shemeji alijilaza kwenye bwawa lililojaa nusu, akasema si pabaya.

Binti yangu hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, "Baba, nilikuwa nimefika kwenye miguu."

Jumatatu, 10 Agosti
Ameondoka. Daftari ameliacha mezani. Miguu miwili mirefu, myembamba, na juu yake karatasi tupu. Nimeitazama hadi chai ikapoa. Najuta, najuta kweli. Mtoto aliomba kitu kimoja. Ila kosa nimelijua: ningetafuta jenereta isiyo na kelele.

Jumatano, 12 Agosti
Jumapili ni siku ya wazazi shuleni. Lazima nimfute machozi ambayo hakuyalia. Jirani ana bata mweupe, mpole, shingo si haba. Kazini ilibaki nusu kopo la rangi ya waridi. Shemeji nimemwalika makusudi, aje ajionee. Bata ameshakauka upande mmoja.