Kidonge cha Siku Saba

Jumanne, 11 Juni

Wiki ya tatu ya ndoa! Nimeosha chupa za maabara nikitabasamu peke yangu. Kipusa wangu! Mke wangu! Lakini asubuhi nimemsikia akilia bafuni. Fangasi imerudi, mara ya nne sasa. Krimu anayoweka usiku, kukicha yote imeshatoka. Ameniomba radhi. Mimi niombwe radhi na malaika! Nimeapa nitamponya.

Na nani kama mimi? Profesa wetu anatengeneza kidonge cha kuingiza ukeni, kinachokaa humo na kuachia dawa kidogo kidogo kwa siku saba. Kesho tunakitumbukiza kwenye chupa ya maji yenye joto la mwili. Kila baada ya saa mbili nivute maji kidogo, nipime dawa iliyotoka, niandike. Wiki nzima, hata Jumapili. Bwana harusi mimi!

Jumatano, 12 Juni

Kidonge kimeingia majini saa mbili. Saa nne nikapima: karibu dawa yote imetoka! Haiwezekani. Mashine imechanganyikiwa. Nikisema, tutaanza upya, na mke wangu yuko nyumbani anaumia peke yake. Nimeandika namba inayopendeza zaidi. Halafu, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, nikaandika zote mpaka Jumanne ijayo. Saa tisa nilikuwa nyumbani namkanda miguu. Raha!

Jumatano, 19 Juni

Profesa ameinua karatasi yangu mbele ya wote. Kasema tangu aanze kazi hajaona dawa inayotoka kwa mpangilio namna hii. Jumatatu wanawake ishirini wataanza kuitumia. Mwenzangu Miwani, mtu wa kijicho, akauliza mbona Jumapili umeme ulikatika kutwa, maji yakapoa, na kidonge hakikushtuka. Nikamjibu kina nidhamu kuliko yeye. Watu hoi kwa kicheko.

Nimerudi na kimoja ndani ya leso. Mke wangu akauliza kama kimepimwa kweli. Nikamwambia kimepimwa na mikono hii hii. Akaibusu. Jamani, mapenzi!

Alhamisi, 20 Juni

Sijui niandikeje. Alikiingiza alfajiri. Saa tatu nimemkuta amekaa kwenye beseni la maji baridi, ameng'ata taulo. Nesi wa zahanati kasema ameungua ndani, ngozi imechubuka. Dawa ya wiki nzima imemwagika asubuhi moja. Nesi akamuuliza kidonge kapewa na nani.  Mke wangu akaninyooshea kidole.

Shangazi yake kaja na begi, kamchukua. Kaniambia, "Wewe baba, mtoto tulikupa mzima. Kwangu usikanyage." Kipusa hakugeuka.

Nesi alimpigia simu Profesa, na kila kitu kimesimamishwa. Kwa hiyo wanawake ishirini wameokoka kwa ajili yangu, na hakuna hata mmoja pale maabara aliyesema asante. Miwani anapima upya. Hakunitazama.

Ijumaa, 21 Juni

Nesi kanipa karatasi nimpelekee mke wangu. Kila jioni aandike maumivu yake, kuanzia kumi kushuka hadi sifuri. Namba zisiposhuka kufikia Jumapili, itabidi akalazwe hospitali kubwa, maana kidonda kikioza hatapata mtoto.

Shangazi kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kasema mke wangu hawezi hata kukojoa bila kupiga kelele, kwa hiyo nipunguze mapenzi, niondoke. Nikamsikia Kipusa huko ndani. Kilio kile kile cha bafuni, sasa mara kumi.

Alazwe! Mbali hivyo! Wiki ya nne tu ya ndoa! Nani atamkanda miguu?

Nimekaa kwenye ngazi ya nje, karatasi gotini. Leo nane. Kesho nne. Jumapili sifuri, kwa mwandiko mzuri wa kike. Nitaipeleka kwa nesi mwenyewe. Jumatatu Kipusa wangu atakuwa amepona!