China Iliyo Nyuma ya Gare du Nord

Mzee aliyesimama kwenye dirisha la tiketi pale stesheni ya Gare du Midi, Bruxelles, alikuwa akiomba tiketi ya treni ya kwenda China, kwenda na kurudi, daraja la pili.

Muuzaji alimuuliza mara mbili, kisha akamwita mwenzake aje asikie naye. Waliokuwa kwenye foleni wengine walinuna, wengine walicheka. Mtu mmoja tu hakununa wala hakucheka. Huyo ni Anaclet, mzaliwa wa Lubumbashi, mkazi wa Saint-Gilles, ambaye wakati huo alikuwa kwenye duka la maua akinusa maua asiyokuwa na nia ya kuyanunua. Alisikia neno China. Akatazama begi la mzee, akaona jinsi lilivyouvuta mkono wake. Begi zito, kichwa chepesi. Mungu hagawi watu wa namna hiyo kila wiki.

Kabla hajasogea alijipangusa mabega. Hapa inabidi tuitaje suti yake, maana bila suti hakuna Anaclet. Ilikuwa ya rangi ya majivu, imeshonwa Italia kwa ajili ya bwana mmoja aliyefariki kabla ya kwenda kuichukua. Chini yake kulikuwa na viatu vya ngozi ya mamba. Ndani ya suti hiyo Anaclet aliwahi kuwa wakili, daktari wa macho, na mara moja padri aliye likizoni. Nje yake alikuwa mtu mrefu tu, ambaye hata paka wa mwenye nyumba alimpita bila kugeuka. Usiku suti ililala kitandani, yeye akalala kwenye kochi.

"Papa, jambo," alisema. "Hapa habauzishe tiketi ya Chine. Hapa ni ya Babelji tu."

"Alors, ya Chine banauzisha wapi?"

"Kwangu."

Mzee alimtazama kuanzia viatuni hadi kwenye tai, akarudia tena viatuni. Akasema anaitwa Florent, mfanyabiashara wa Likasi. Alikuwa mfupi, mviringo, amevaa shati la kitenge lenye mananasi. Ubalozi umemnyima viza, alieleza, na yeye amekwisha kuwaahidi watu wa nyumbani kwamba hatarudi kabla ya kuuona ule mtaa wa maghorofa wa Guangzhou, ambako maprezida wa viwanda wanakaa mawinguni na kugawa uwakala wa jenereta kwa mtu anayekuja na heshima.

"Na heshima iko mu begi," alisema, akafungua zipu kidogo.

Ndani alilala simba wa kuchongwa kwa jiwe la malakiti, kijani chenye mistari, mkubwa kama paka aliyeshiba. Anaclet amekulia Lubumbashi, malakiti anaijua. Vibeseni vya kuzimia sigara, mayai, tembo wa kidole kimoja, vyote vilipangwa barabarani utotoni mwake. Lakini simba wa kadiri hiyo alimwona mara moja tu, kwenye meza ya mkurugenzi wa mgodi. Akaiona papo hapo suti ya pili. Ya buluu iliyoiva. Mtu mwenye suti mbili, alifikiri, anaweza kuwa watu wawili kwa siku moja.

"Papa Florent," alisema kwa unyenyekevu, "Samedi, saa moja asubui, hapa hapa. Kuko treni mupya ya Bachinois. Masaa tano."

"Masaa tano tu?"

"Inapita chini ya bahari."

"Na viza?"

"Chini ya bahari nani atakuomba viza?"

Mzee alitafakari, akakiri kwamba hilo lina akili.

Msaidizi wa kazi hii alipatikana siku ile ile. Wambui, Mkenya, alisafisha ofisi katika jengo moja refu nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, ghorofa ya ishirini na nne, na Jumamosi alikuwa huko peke yake na ndoo zake.

"Unataka niwe Mchina," Wambui alirudia, ili asikie kama maneno yana maana yakitoka kinywani mwake. "Mimi."

"Sauti tu. Kwenye parlophone, ile simu ya mlangoni. Utasema Kikuyu."

"Na akijua ni Kikuyu?"

"Mtu wa Likasi? Kikuyu atakijulia wapi?"

"Mimi napata nini?"

"Nusu ya simba."

Wambui alikamua kitambaa. "Weekend yangu yenyewe ni hii moja, Anaclet. Huyo simba awe wa maana."

Jumamosi wakasafiri. Tatizo la kwanza lilitokea dakika ya saba, kwa sababu treni ya Liège hupita Gare du Nord, yaani ilipita China kabla safari haijaanza. Anaclet alimwinamisha mzee juu ya karatasi, ajaze fomu ya uhamiaji: jina la baba, jina la babu, idadi ya meno. Mzee alikuwa bado anayahesabu kwa ulimi walipokuwa mbali mashambani. Walibadilisha treni Liège, wakazunguka kwa Hasselt, wakapita Antwerp ambako mzee alilala na kukoroma kwa ukarimu, na karibu na saa sita mchana wakateremka.

"Tumefika," alisema Anaclet.

Florent alisimama kwenye jukwaa, begi mkononi, akasoma bango. "Mbona baliandika Bruxelles-Nord?"

Swali hili Anaclet alikuwa amelilalia usiku mzima pale kwenye kochi. Akatabasamu kama mwalimu ambaye mtoto mgumu ameuliza vizuri.

"Papa, Bachinois banafanyaka kopi ya nini?"

"Ya kila kitu. Saa, viatu, téléphone."

"Basi. Hata Bruxelles."

Mzee aligeuka, akaitazama stesheni nzima. "Muzima?"

"Muzima. Na gare, na mvua."

Kweli ilikuwa inanyesha. Florent alinyoosha kiganja, akayapokea matone ya kopi, akatikisa kichwa kwa heshima. "Beko bakali," alisema. Kisha akaonyesha maandishi ya pili. "Na hii? Uitgang. Spoor."

"Hicho ni Kichina chenyewe. Baliandika na herufi zetu, juu ya bageni basome."

Hapa tuwaombe radhi Waflemi wa Ubelgiji, ambao lugha yao haikuwahi kusafirishwa mbali kiasi hicho.

Wakatoka upande wa minara. Inasimama pale kwa mstari, ya vioo, imepakana na barabara pana zisizo na mtu siku ya Jumamosi, na upepo unapita katikati yake ukitafuta kofia. Anaclet alitembeza mgeni wake kama mwenye mji. Huu mnara ni wa jenereta, huu ni wa pikipiki, ule wenye kilele cha kijani ni wa dawa ya mbu. Mzee aliinua kichwa mpaka shingo ikamkwama, akahesabu madirisha, akauliza maswali ya ajabu. Aliuliza mbona hakuna mto. Aliuliza mbona lifti hazionekani kwa nje. Aliuliza Wachina wako wapi.

"Ndani, papa. Beko ku kazi."

"Wote?"

"Ndiyo maana balitajirika."

Walipofika kwenye jengo la Wambui, Anaclet alibonyeza kitufe. Kisanduku kikakoroma, na sauti kali ya mwanamke ikatoka. "Wimwega," ilisema, halafu ikaendelea kwa kasi kubwa. Wambui, kwa kukosa la kusema, alikuwa anaeleza jinsi ya kupika githeri: maharagwe yanalowekwa usiku, mahindi yasiwe makavu sana, kitunguu kisiungue.

Florent alivua kofia akasikiliza mapishi yote kwa adabu. Kisha akasogeza mdomo karibu na kisanduku akajibu. Maneno yake yalipanda, yakashuka, yakasimama, yakapanda tena kama mtu anayekwenda dukani kwenye ghorofa ya tatu na kusahau pesa. Juu, githeri ilikatika ghafla.

"Papa anajifunza mbio," alisema Anaclet.

"Niko naiga tu," alisema mzee.

Mlango ukafunguka. Ghorofa ya ishirini na nne Wambui alimkuta Anaclet penye lifti, wakati mzee ametangulia kutazama kapeti, akamvuta mkono.

"Huyo mtu amenijibu kitu."

"Anaiga."

"Kuiga hakuna nukta. Yeye aliweka nukta na koma. Nasikia hata aliniuliza swali."

"Jifiche, usituharibie."

Wambui alijificha nyuma ya mlango wa chumba cha mafagio, akauacha wazi kidogo, kwa sababu kuona ni bure.

Katika ofisi kubwa kulikuwa na meza ndefu, kiti cha ngozi na mji wote chini ya dirisha. Anaclet alieleza kwamba Prezida yuko kwenye mkutano, ila amemwachia yeye, katibu wake wa Afrika, madaraka ya kupokea zawadi na kutoa uwakala. Akauweka mezani mkataba wenye mihuri minne, mmoja ukiwa wa duka la kinyozi wa Saint-Josse.

Florent alimtoa simba begini, akamlaza mezani, lakini hakuondoa mkono juu ya kichwa chake.

"Mwana," alisema, "kuko kitu kidogo. Kwetu hii inaitwa mulambu. Unapelekea chifu. Chifu akiwa haiko, unapelekea mwenye kupokea kwa jina yake. Ni sawa?"

"Ni sawa kabisa, papa."

"Bon. Na mwenye kupokea mulambu anamuvalisha mwenye kuleta. Anavula ya mwili wake, anamupa. Bila vile, simba iko yangu bado."

Anaclet alicheka. Mzee hakucheka. Anaclet akakohoa.

"Papa, huku ni Chine."

"Simba anatoka Likasi."

"Ningekupa kravati. Kravati njo cheo yenyewe."

"Chifu gani anamuvalisha mutu shingo tu?"

Anaclet aliitazama mikono ya suti yake, akamtazama simba. Mwanga wa dirisha ulimpitia yule mnyama mgongoni na mistari yake ikawa kama maji. Madalali wa vitu vya kale pale Sablon wangegombana kwa ajili yake. Suti moja leo, alijiambia. Wiki ijayo suti mbili, labda tatu, na kochi liuzwe. Tangu suti ile iingie maishani mwake hakuwahi kuivua mbele ya mtu. Alianza na koti.

Alivua polepole, kama anayemvua nguo mgonjwa. Koti, kizibao, tai, shati, suruali, mwisho viatu vya mamba. Florent alipokea kimoja kimoja kwa mikono miwili, akavivaa, akakunja mikono mara tatu na suruali mara nne, na akampa mwenzake shati la mananasi na kaptura yake ndefu, ambayo kwa Anaclet ilikuwa kaptura fupi. Akaweka sahihi. Akamkumbatia.

"Nashuka kupiga foto ya mnara," alisema. "Nikiwa nimevaa vile."

Lifti ikafunga. Anaclet, katika mananasi, alikaa kwenye kiti cha Prezida na kumpakata simba wake.

Wambui alitoka na kitambaa na chupa ya kupulizia. Alikuwa na mengi ya kusema lakini aliamua kuanza na kazi. "Ana vumbi," alisema, akampulizia simba maji na kumfuta.

Simba akatoa povu.

Alifuta tena ili kuliondoa povu, povu likaongezeka. Sharubu zikalainika. Sikio la kushoto likabaki kwenye kitambaa, na chumba chote kikanukia ndimu.

"Anaclet," alisema Wambui, "malakiti huwa inanukia?"

Anaclet alikuwa ameingiza kidole katika ubavu wa simba, na kidole kilikuwa kimepita.

Ndipo parlophone ikalia. Anaclet aliinyanyua kwa mkono wenye utelezi.

"Mwana," ilisema sauti ya Florent kutoka chini, bila haraka. "Usimuweke ku mvua."

"Papa, unarudisha suti yangu."

"Sikiliza kwanza. Guangzhou niliikala miaka munane. Kule kuko mutaa wa maghorofa, ukipanda lifti masikio inaziba mara mbili mbele ya kufika. Kuko mnara ku mto, kiuno yake nyembamba kama ya bibi-arusi, usiku inageuza rangi. Mara ya kwanza nilisimama chini nikalia, kweli, mutu muzima. Alafu nikaanza kutembeza bageni. Kila mwenye kutoka kwetu na zawadi, nilimupeleka kwa Prezida. Unaelewa?"

Anaclet alielewa.

"Kazi yako ni nzuri," mzee aliendelea. "Kopi ya Bruxelles, ile sikuifikiri hata siku moja. Nitaitumia. Lakini ile suti nilikuona nayo ku gare siku mbili, nikasema hii njo ya kurudi nayo Likasi. Mutu anarudi na nini, na mananasi? Téléphone yako nimeacha mu boîte aux lettres. Miye si mwizi. Na mwambie yule maman, kitunguu anakiweka mapema sana."

Wambui alikaa juu ya ndoo. "Anajua Kikuyu?"

"Kule Guangzhou," sauti ikasema, "Bakikuyu beko bengi."

Kisanduku kikanyamaza. Kutoka dirishani waliona kitu kidogo cha rangi ya majivu kikivuka barabara kuelekea stesheni, kikitembea kwa heshima kubwa.

Wambui alileta kisu cha jiko la ofisi akamkata simba katikati bila kuuliza. Alichukua upande wa kichwa, akaupima kwa mkono, akaridhika. Kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa sabuni ya miezi minane. "Wewe ndio umepoteza," alisema, akarudi kwenye kapeti.

Anaclet alishuka na makalio ya simba kwenye mfuko wa plastiki. Viatu hakuachiwa, akavaa vya Wambui vya mpira. Alitoa simu yake kwenye sanduku la barua, na haikuwa imetulia mkononi alipoisikia inalia. Ni mama mmoja wa Saint-Josse, mjane mwenye nyumba tatu, aliyekuwa amemtafuta tangu asubuhi. Wanunuzi wamefika, alisema, karatasi ziko mezani, pesa taslimu, kinachokosekana ni wakili tu. Maître aje sasa hivi.

Anaclet alijitazama kwenye kioo cha mlango. Mananasi kumi na moja yalimtazama.

"Maman, unisamee," alisema. "Niko Chine."

"Chine? Utarudi lini?"

Upepo wa minara ulipita ndani ya kaptura. Alisogea pembeni, akajibanza nyuma ya nguzo, mtu wa Saint-Josse asije akapita akamwona.

"Maman," alisema, "huku banakamata batu ku nguo. Bila suti mutu hatoke."