Wakala Aliyetia Sahihi kwa Jina la Bi Delmira

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwambia bosi, Don Osmar, kwamba mambo ya simu yamepitwa na wakati. Kampuni ya malori ina wakala wa kompyuta, ghala la baridi la bandarini lina wake: programu zinazosoma barua, kujibu na kupanga safari zenyewe. Sisi wa kiwanda cha nyama tuna Bi Delmira. Mwaka wa kumi na tisa huu anapiga simu na kuandika barua mwenyewe huku anafyonza tereré, chai yake baridi ya majani. Don Osmar kanipa siku tano. Wakala wangu akielewana na wenzake, mimi ni Mkuu wa Mawasiliano, na meza ya Bi Delmira iliyo chini ya kipoza hewa ni yangu. Ya sasa inatazamana na choo.

Jumanne, 4 Machi
Wakala ameandika barua kumi na mbili kwa jina langu, Fulgencio Ovelar, Mkuu wa Mawasiliano (cheo kiko njiani). Kimya. Saa nane mchana wakala wa malori akajibu: jina hili hatulitambui, tafadhali Bi Delmira athibitishe. Wa ghala, vivyo hivyo. Miaka sita niko hapa. Bi Delmira kapita na chipa za moto, vimkate vyake vya jibini, akaniuliza mbele za watu, “Mwanangu, mbona umenuna, au choo kina mtu?” Ofisi nzima ikacheka. Chipa yake niliila. Nilikuwa na njaa.

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata. Nimemlisha wakala barua zote za zamani za Bi Delmira, na sasa anatia sahihi kwa jina lake. Mwenyewe hana habari. Majibu yanamiminika. Wakala anaulizia goti la dereva, kama bibi alivyozoea, anapewa malori matatu.

Alhamisi, 6 Machi
Nyama yote imefika bandarini kabla ya wakati. Don Osmar kampongeza Bi Delmira mbele ya wafanyakazi wote. Naye, bila kujua anapongezwa kwa lipi, kamshukuru Mungu. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Wakala wa malori alimwuliza wetu: huyu Fulgencio anayejiita mkuu, tumwamini kwa lipi? Wetu akapekua barua za Bi Delmira, akajibu: “Ni kijana mwema, ila msimpe jambo lenye tarehe.” Nakala kwa Don Osmar, maana Bi Delmira humpa nakala ya kila kitu.

Niliitwa kwa Don Osmar, Bi Delmira naye yupo. Nilitegemea bibi atafoka. Alivua miwani, akasema taratibu, “Hii sikuiandika leo, mwanangu. Niliiandika miaka minne iliyopita, neno kwa neno. Nisamehe kwamba umeisoma.”

Bora angefoka.

Jumatatu, 10 Machi
Sikufukuzwa, kwa kuwa malori yalifika. Bi Delmira ndiye Mkuu wa Mawasiliano. Wakala ni wake. Mimi ni msaidizi wa wakala: akikwama, ananiandikia nimzime na kumwasha. Leo ameniandikia mara nne, kwa adabu, na ameniita mwanangu.

Nimetafakari sana Jumapili. Kosa langu lilikuwa moja tu, nilichukua jina dogo. Don Osmar ana barua za miaka thelathini, na nywila yake ni jina la mbwa wake. Wakala wa pili nimeshaanza kumlisha. Barua yake ya kwanza itampandisha cheo Fulgencio Ovelar.