Sababu za Kichanga Kumtangulia Mkuu wa Ukoo Kwenye Tovuti ya Msiba

Konongo, Alhamisi

Kwa Babu Opanyin Asiamah,
Mkuu wa Ukoo.

Babu yangu mheshimiwa,

YAH: KUKATAA KWANGU KUKUPANDISHA JUU YA KICHANGA

Nianze kwa kukukumbusha unaandikiwa na nani, maana siku hizi ukinipita kibarazani unanitazama kama kigoda. Kutoka hapa Konongo hadi Kumasi, upite lami au vichochoroni, hakuna kijana mwingine mwenye kitu kinachoonekana Japani. Mimi ninacho. Shule tuliachana kidato cha pili kwa makubaliano na mwalimu mkuu, yeye akiwa ndiye aliyekubali zaidi, na bado nimejenga tovuti kwa vidole hivi hivi unavyoviona vikimega fufu. Sikupanga chumba kwenye mtandao wa watu, ambapo mwenye nyumba akinuna unatupiwa virago nje. Nina kiwanja changu na jina langu mlangoni, na humo ndani mimi ndiye mhariri, fundi, mlinzi na mfagiaji. Nimeandika hata masomo kwa wanaoanza kusimamia blogu zao wenyewe, na wanafunzi wamefika wawili, mmoja akiwa bado anahudhuria.

Sisemi haya kwa majivuno. Ningetaka kujivuna ningetaja na Brazili.

Sasa, Babu, jana mbele ya wazee na mbele ya sufuria ulitamka kwamba jina lako lisipokuwa juu ya orodha ya wafiwa kwenye tovuti yangu kabla ya kikao cha wiki moja ya msiba wa dada yako, Bibi Birago, yaani Jumamosi hii, basi jina langu halitakanyaga bango kubwa la mazishi. Ulisema, nanukuu kwa heshima: "Bango litataja wajukuu kumi na wanne. Huyo wa kumi na tano atafute bibi mwingine." Watu wakacheka. Nami nikacheka kwa adabu, kisha nikarudisha tonge sahanini. Mtu aliyeachwa nje ya bango la bibi yake ataulizwa mpaka uzeeni alimfanyia nini marehemu. Na mimi ndiye niliyelelewa chumbani mwake, nikalala miguuni pake hadi kitanda kikatushinda.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, nikiyapanga kwa namba ili uone kwamba kupanga najua.

1. Inasemwa nimekudharau. Babu, siku ile ya Ijumaa ukoo ulipokaa uani kutaja wafiwa, nilianza kuandika jina la nani? La kwako. Kabla ya mama zangu, kabla ya wajomba, nikalitia na picha yako ile ya kitambaa cheusi na chekundu, uliyofumba jicho moja. Nikafuatisha wengine kadiri walivyotajwa, mmoja baada ya mwingine, thelathini na mmoja. Sasa tabia ya blogu, kama ninavyoeleza katika Somo la Pili, ni kwamba kilichoandikwa mwisho hukaa juu kabisa, na kilichotangulia husukumwa chini. Aliyetajwa mwisho ni kitukuu Nhyira, wa miezi kumi na moja, kwa kuwa mama yake alikuwa akimbadilisha nepi. Basi Nhyira ndiye Mfiwa Mkuu, na wewe uko chini kabisa, baada ya kila mtu, akiwemo yule mwenye kukodisha viti, aliyepita tu kupima uwanja na mtu akaniambia, "Mwandike na huyo, asije akanuna." Dharau iko wapi hapo? Heshima niliyokupa ndiyo iliyokuzamisha. Ningekudharau tangu mwanzo, leo ungekuwa kileleni.

2. Nalinganishwa na Bediako mchapishaji. Kila anayepita njia panda ananiambia, "Yaw, mwenzako kaweka wazee mahali pao." Ni kweli. Lakini Bibi aliyemchapa kwenye bango lake la wiki moja si Bibi wetu. Amemng'arisha uso hadi amefanana na mke wa mchungaji, na lile kovu la kijiko cha moto shavuni, ambalo alilipata akiniepusha mimi na sufuria ya mawese, limefutwa kama chapa ya kalamu. Isitoshe, kona ya kushoto ya bango hilo imeliwa na mbuzi tangu Jumanne, pamoja na jina la mjomba aliyeko Italia. Mbuzi hawezi kula tovuti. Kwenye tovuti yangu Bibi ana kovu lake, na mjomba wa Italia amejiona akiwa Italia, akapiga simu kulalamika. Hiyo ndiyo faida ya kujisimamia.

3. Mama mdogo Pokuaa amenisimamisha kisimani mbele ya wateja wangu wa baadaye akasema, "Wewe bingwa wa kompyuta, si ubonyeze tu kitufe? Au vidole vimechoka kwa kujikuna?" Mtu ambaye simu yake ina tochi tu hawezi kuelewa kwamba tovuti ina misimamo. Mimi nimeamua, kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, kwamba orodha haitaguswa. Ni suala la kanuni. Naomba neno hilo, kanuni, lisomwe kwa sauti kwenye kikao.

4. Kuhusu mlio. Mama mdogo huyo huyo amewaambia watu kwamba kuanzia Jumapili hadi Jumanne, kila saa tisa alasiri, ndani ya chumba cha Bibi kilichofungwa kulisikika mlio mfupi, kama ndege aliyekanyagwa, na kwamba ni marehemu anaulizia kwa nini kaka yake yuko chini ya mkodisha viti. Jumanne alimwaga pombe kali kizingitini na kusema, "Maame, tumesikia, tunamshughulikia." Anayeshughulikiwa ni mimi. Napenda ieleweke kwamba sijui chochote kuhusu mlio huo, na kwamba kuonekana kwangu dirishani saa hizo hizo, nikiwa na simu mkononi, ni kwa sababu hapo ndipo penye kivuli.

5. Kwa kuwa orodha haiwezi kuguswa, kwa sababu ya kanuni, na kwa kuwa ndugu wa Italia na wengine wanaisoma kila siku, nimeona ni busara zaidi ukoo ubadilike ufanane na tovuti. Napendekeza hivi. Jumamosi, Nhyira aketishwe kwenye kiti cha mbele, kile chenye mto, na wageni wote waanze kumpa mkono yeye. Wazee wa nyumba nyingine wakileta vinywaji, avipokee yeye, na msemaji wa ukoo ainame amsikilize anachosema, maana ameshaanza kusema "ta". Mkodisha viti apewe nafasi yake stahiki, nafasi ya pili, na hatimaye akae kwenye kiti chake mwenyewe bila kukilipia. Wewe, Babu, utakaa nyuma karibu na masufuria, ambako, kwa uaminifu kabisa, supu hufika mapema na hakuna hotuba. Shauri lolote likitokea kabla ya mazishi, iwe ni tarehe au rangi ya jeneza, atawekewa Nhyira vitu viwili mbele yake, na atakachotia mdomoni ndicho ukoo umeamua. Nimefikiria sana na sioni kasoro, ila saa ya kulala kwake.

6. Kama hilo ni zito, kuna njia nyepesi. Babu ukubali kuzaliwa upya. Uingie ukoo kama mtu mpya, utajwe mwisho, na tovuti yenyewe bila kusukumwa itakuweka juu. Jina jipya nimeshakuchagulia, lakini nitakuambia tukikubaliana.

Naomba pia, kwa upole, maneno ya "bibi mwingine" yafutwe. Sikuwa na mwingine. Huyo mmoja nilikuwa namtumia kwa kila kitu.

Nisalimie wazee wote wa baraza, waliocheka na waliocheka kidogo. Msalimie mama mdogo Pokuaa, umwambie ndoo yake ipo kwangu. Msalimie Bediako na umpe pole ya mbuzi. Mkodisha viti simsalimii, yeye ni wa juu yako, atajisalimia. Mfiwa Mkuu Nhyira nitamsalimia mwenyewe, maana mama yake ameniachia nimshike na sasa hivi anatafuna kona ya barua hii.

Ni mimi mjukuu wako, wa kumi na tano kwa sasa,

Yaw Dankwa
Mwanzilishi, Mhariri Mkuu, Fundi na Mlinzi

Nyongeza. Babu, ukishamaliza kuwasomea wengine, hapa uende pembeni usome peke yako.

Kanuni hakuna. Siwezi kuingia.

Nilipofungua tovuti, niliambiwa nitoe namba ya simu, ili kila ninapotaka kuingia nitumiwe tarakimu sita za kunitambua. Mimi laini nazibadilisha kama soksi. Nikatoa ya Bibi, ambaye alikuwa na laini moja tangu simu zifike Konongo. Hata kwenye Somo la Tatu nimeandika: namba iwe ya mtu asiyehamahama. Basi kila nilipotaka kuingia nilimpigia, ananisomea, naingia. Ijumaa ile nilikuwa bado niko ndani, ndiyo maana niliweza kuandika majina. Jumamosi nikamfundisha Adusei, yule fundi wa pancha, Somo la Tano, lisemalo ukimaliza kazi toka na ufunge mlango. Nikamwonyesha kwa mfano. Nikatoka vizuri sana. Adusei akasema, "Sasa ingia tena nione."

Simu ya Bibi iko ndani ya chumba chake, na chumba kimefungwa kama desturi inavyotaka hadi vitu vyake vihesabiwe, na ufunguo uko kiunoni mwako. Mlio ule ni tarakimu zangu. Nabonyeza mimi huku dirishani, zinalia mle ndani, na baada ya dakika kumi zinaoza. Jumanne ulisikika umefifia. Tangu hapo sijajaribu, nisije nikaumaliza moto wa betri.

Nakuomba, Babu, kesho saa tisa ufungue mlango na uingie wewe mwenyewe, usiguse kitu kingine. Simu ipo chini ya mto, upande wa ukutani. Mimi nitasimama nje dirishani. Nikishabonyeza, itakapolia, nisomee. Nitageuza tarehe ya jina lako na utapanda juu kabla hujafunga mlango. Usome polepole, sitakuharakisha.

Bibi alikuwa hasomi namba kama watu. Tarakimu moja alikuwa anaikaribisha kama mgeni. "Tatu, kama mafiga. Saba, siku zote za Mungu. Hii nyingine ni sifuri, masikini, haina mtu." Jumatano ile ya mwisho nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Bibi, nipe namba tu, hadithi utanipa baadaye." Akanipa namba tupu, sita, moja kwa moja, bila mafiga wala siku za Mungu. Nikakata bila kushukuru.

Alikuwa na kawaida ya kunipigia baada ya hapo, aniulize kama zimefungua. Alinipigia mara mbili. Nilikuwa nachagua rangi ya juu ya tovuti, kati ya bluu na bluu nyingine. Nikaiacha simu ikaita hadi ikanyamaza, na alfajiri mkaja kunigongea.

Ile orodha si kosa, Babu. Kosa ni hilo.