Kiwiko cha Kulia, Ukurasa wa Tano

Kwa Ndugu Mhariri wa gazeti la kaunti yetu, na kwa yeyote anayeshika mkasi wa picha hapo ofisini kwako,

Salaam nyingi. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa tangu Jumamosi nina hasira. Naitwa Delbert Ousley, mpiga fidla wa bendi ya Royce Tarleton, yule mwimbaji wa kofia nyeupe. Usijisumbue kuukumbuka uso wangu, hujawahi kuuona. Mimi ndiye kile kiwiko.

Kila ukitupiga picha katika ukumbi wa dansi hapa Texas, unamtoa Royce ukurasa wa tano, kofia hadi buti, na pembeni mwake kinachungulia kiwiko changu cha kulia. Kwa miaka kumi na tisa nimehesabu picha arobaini na tatu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kiwiko hicho kina mwenyewe, na mwenyewe ana mama. Bi Opal Ousley, miaka themanini na minane, anakitambua kwa kovu la senyenge, maana jeraha alilishona yeye jikoni kwake nikiwa na miaka tisa. Kila picha anaikata na kuibandika juu ya friji. Jirani yake Verna, anayemtengeneza nywele kila Alhamisi, kamwambia bila haya: "Bi Opal, kiwiko kila mtu anacho. Kama mwanao yuko jela, sema tu tukuombee." Sasa kanisani wananiombea pamoja na wafungwa. Mama anachekwa uzeeni, Ndugu Mhariri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

2. Nilidhani jina lingeniokoa. Desturi yetu unaijua: zamu ya fidla ikifika, mwimbaji anamwita mpigaji kwa jina, ukumbi mzima usikie. Royce huita, "Haya, Clovis, ilize!" Clovis ndiye aliyenitangulia, aliacha muziki akaenda kufuga kuku. Nilipomkumbusha Royce, alinijibu kwa upole kabisa kwamba Clovis linatamkika, Delbert linamkwama kooni. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi mwaka wa kumi na tisa huu nakula mbichi.

3. Hata koti ni la Clovis, naye alikuwa mfupi. Mkono ulinibana nikashindwa kupiga, mke wa Royce akaukata juu ya kiwiko kwa mkasi wa jikoni. Wasomaji wako wasidhani naringa.

4. Hapa sasa ndipo damu inapochemka. Jumamosi iliyopita umetoa, ukurasa wa kwanza, picha ya fahali aliyeshinda maonyesho ya mifugo. Mzima, pembe hadi mkia. Umeandika jina lake, la baba yake na la mama yake. Mama yake ni ng'ombe, Ndugu Mhariri. Mama yangu ni msomaji wako tangu hujazaliwa.

Kwa hiyo naomba, bila utani, uso wangu utoke mara moja tu, na chini yake yaandikwe maneno "Delbert, mwana wa Opal". Ikishindikana, nisajiliwe katika maonyesho yajayo ya mifugo. Nitaoga, nitachanwa, nitazungushwa uwanjani kwa kamba. Meno yangu yamekamilika isipokuwa mawili. Nikishika hata nafasi ya tatu, itakubidi umtaje mama. Na majaji wakiuliza tabia yangu, Royce atashuhudia kwamba nakaa nyuma na simsumbui mtu.

Nisalimie wote hapo ofisini, mpiga picha, na huyo wa mkasi pia. Mkionana na fahali mwambieni sina ugomvi naye.

Wako mtiifu, nyuma ya kofia,
Delbert Ousley

Nyongeza: Sijafunga bahasha, gazeti la leo limefika. Kumbe Royce aliinama kuokota kofia yake, mgongo wake ukaficha kiwiko, na mpiga picha wako akanipata uso mzima, na jina sahihi. Nilifurahi, sikatai. Kisha mama akapiga simu. "Delbert, wametoa kibabu fulani wakakipa jina lako. Waambie warudishe kiwiko. Kiwiko cha mwanangu nakijua."

Nilihesabu tena, safari hii si picha. Sijakanyaga kwa mama miaka kumi na mmoja, kila wikendi tuna dansi. Basi futa yote niliyoandika hapo juu, uendelee na kiwiko kama kawaida. Ila Jumamosi hii usikitafute. Nimemwomba Clovis awaache kuku wake siku mbili anishikie nafasi. Royce hatakosea jina, na koti litamkaa. Mimi nakwenda kwa mama. Nitavaa shati la mikono mifupi, ili anifungulie mlango.