Kochi la Mama Mkwe Mnadani

Jumatatu, 3 Machi

Jana Mchungaji katangaza somo jipya: Mkristo na fedha zake. Kila Jumatano jioni, mume na mke waje pamoja. Kikundi kitachagua mwenyekiti, na mwenyekiti atapelekwa semina ya siku tatu. Chumba cha peke yako. Chai na mayai kila asubuhi. Mahubiri yaliyobaki sikuyasikia.

Nani anafaa kuliko mimi? Fundi redio, mtu wa hesabu, sinywi wala sivuti. Kikwazo ni mwenye bucha. Yule akitoa sadaka, kanisa zima linaona noti. Mimi mkono wangu huingia kapuni ukiwa umefumbwa, kwa sababu ninazozijua mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza. Mchungaji kasema mali yote ni ya Mungu, sisi ni mawakili tu. Nikaitikia amina kumzidi mwenye bucha. Kisha akasema mume na mke wasifichane fedha. Hapo nikaitikia kwa sauti ya chini, na mke wangu akanitazama.

Yeye hana siri. Anaoka mikate na kuiuza, faida anaiweka kwenye kopo juu ya kabati, mbele ya macho ya wote. Anataka kununua jiko la kuokea. Miaka yote hii anaokea kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu. Akiba yangu mimi imo ndani ya redio moja mbovu pale karakana. Akiuliza redio ile itapona lini, namjibu kipuri hakijapatikana.

Mchungaji alimalizia na yule mtumishi aliyefukia talanta ardhini. Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilimwonea huruma. Mtu kaficha fedha, haikuibwa, kairudisha nzima. Kosa lake lipi?

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata! Kanisani kwetu asiye na fedha huleta kitu: kuku, ndoo, mkungu wa ndizi. Baada ya ibada vinanadiwa uani. Sharti ni moja, aliyetoa haruhusiwi kununua alichotoa.

Basi nitatoa kochi letu la sebuleni. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, atalinunua kwa bei ya kuku. Jioni linarudi nyumbani. Kanisa limeniona, uenyekiti wangu, kochi langu. Mke wangu hatajua. Yeye ni wa kwaya, na kwaya hubaki ndani ikifanya mazoezi hadi mnada uishe.

Hatari ni moja tu. Kochi lile tulipewa na mama mkwe siku ya harusi, naye anakuja Jumatatu. Haketi penginepo. Lakini Jumatatu si Jumapili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepeleka kochi kanisani kwa mkokoteni. Nyumbani nimesema linakwenda kwa fundi, springi zimelegea. Fundi cherehani, rafiki wa mke wangu, alikuwa zamu ya kufagia. Akalitazama sana, hasa kile kiraka cha mkononi. Nikamwambia mtoaji wa kweli hapendi kutangazwa, ila akiulizwa asiseme uongo.

Shemeji kakubali kwa malipo ya viatu vyangu vyeusi. Nikikuna sikio, apandishe bei. Nikishika tai, aache.

Jumapili, 9 Machi

Mzee wa kanisa anayenadi alipotaja jina langu watu walipiga makofi. Mwenye bucha alinipa mkono. Nilinyenyekea kwa namna inayoonekana.

Shemeji akafungua kwa bei ya kuku. Hakuna aliyezidisha. Nimeshaanza kutabasamu, fundi cherehani akainua mkono kule nyuma. Kuku wawili.

Nikakuna sikio. Shemeji akapandisha, na fundi cherehani akapandisha. Sasa mwanamke yule anashonea watu viraka, kochi la nini? Nikamwona mwenye bucha anamnong'oneza kitu. Nikaelewa! Ametumwa. Mwenye bucha anataka kukalia heshima yangu.

Nikakuna sikio hadi likawaka moto. Bei ikapita ya kochi jipya. Shemeji alinikodolea macho, midomo yake ikiniomba nishike tai. Sikushika. Tulipofika mwisho wa akiba yangu yote, ndipo nikashika tai kwa mikono miwili. Fundi cherehani akachukua. Uwanja mzima ukasema haleluya.

Nilirudi nyumbani jioni nacheka peke yangu. Kochi limekwenda, lakini mwenye bucha nimemkamua kama nguo iliyofuliwa.

Nikafungua mlango. Kochi lipo mahali pake. Mke wangu ameketi sakafuni, kopo mapajani, tupu.

Kumbe jana fundi cherehani alimweleza. Mke wangu akampa fedha zote za jiko alikomboe kimyakimya, ili nisiaibike mbele ya mama yake. Alitarajia bei ya kuku. Akaniuliza ni fedha za nani mdogo wake asiye na kazi alikuwa akipandishia bei. Nikasema sijui, labda kakopa. Mwenye bucha, kumbe, aliomba apishwe tu akaangalie mayai ya mnadani.

Sikuweza kula. Hakunipigia kelele. Angenipigia ningejisikia nafuu.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe kafika, kaketi kochini, kasema springi ni zilezile. Muuza jiko naye kaja. Mke wangu kamwomba wiki moja. Muuzaji akasema hadi Jumatatu ijayo, akikosa anampa mteja mwingine. Mke wangu akarudi jikoni kupanga makaa juu ya sufuria, na mkono ukaungua kidogo. Roho iliniuma, naandika bila kuficha.

Nikapiga moyo konde nimwambie habari za redio. Akiba yangu inatosha jiko. Nikafungua mdomo. Kisha nikafikiri: ataniuliza nilianza lini kuficha. Afadhali nimshtukize. Jumatatu asubuhi nitatokea na jiko begani. Atalia kwa furaha na kusahau kuuliza.

Jioni akasema ile redio mbovu atamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu, aanze upya kujaza kopo. Nilikimbilia karakana. Fedha nimezihamisha. Mama mkwe alipokwenda kuoga, nimezishonea ndani ya mto wa kochi. Hakuna mwizi awezaye kumwinua mama mkwe.

Jumatano, 12 Machi

Somo la pili. Mwenye bucha alisimama na mkewe, akasoma madeni yao yote mbele za watu, mengine ya aibu. Nilisubiri wamcheke. Wakampa uenyekiti.

Mama mkwe alikuwapo. Baada ya somo watu walimzunguka kumpongeza kwa mkwe mkarimu aliyetoa kochi.  Tulipofika nyumbani alilipita kochi, akaketi kwenye kigoda.

Kasema kilichotolewa kwa Mungu hakikaliwi tena nyumbani. Jumapili kitarudi, kwa moyo safi safari hii, na yeyote wa familia asikikomboe. Mke wangu akakubali. Mimi nikautazama mto wenye fedha zangu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku tatu nimetafuta nafasi ya kufumua mto ule. Mama mkwe kalala sebuleni, kigoda kando ya kochi, akisali. Leo vijana wa kanisa wamekuja na mkokoteni.

Lilipofika mlangoni mke wangu alinishika mkono. Akauliza polepole kama nina neno lolote la kumwambia kabla halijaondoka. Lolote, hatakasirika. Nilimtazama usoni, na mkono wake bado una malengelenge. Neno lilifika hapa kooni.

Nikamwambia sina.

Sina haja ya kumtia wasiwasi, kwa kuwa mpango upo. Tena ni mzuri kuliko ule wa kwanza, kosa la kwanza lilikuwa ishara tu. Safari hii sikio litakuwa kuacha na tai kupandisha. Nimemtumia shemeji ujumbe na kumwahidi koti. Kauliza atalipa kwa fedha gani. Nimemjibu asihofu, akishalinunua tu atazikuta ndani.