Ombi la Kumgawa Shemeji Yangu Mara Mbili

Kwa Bwana Meneja wa kiwanda chetu cha nguo,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Anayekuandikia ni mkataji vitambaa wako, mtu aliyetembea nchi za watu, na aliyeacha shule mapema ili wengine nao wapate kuongoza darasa.

Namlalamikia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, yule mpiga pasi mwenye mguu mmoja mfupi. Amepewa onyo la mwisho kwa kuchelewa kurudi kutoka chooni. Mimi nakitetea kiwanda:

1. Choo cha wanawake mmejenga, ghorofani. Cha walemavu mmejenga, chini, ndani ya choo cha wanaume. Haki tupu! Kosa ni lake, kuwa mwanamke na mlemavu kwa mpigo mmoja. Tamaa gani hiyo?

2. Kamati ya wanawake ilimwambia mambo ya mguu ni ya walemavu. Kamati ya walemavu, wanaume watupu, ikamwambia mambo ya gauni ni ya wanawake. Kamati mbili nzima amezichosha, mtu mmoja!

3. Sasa akibanwa ananiita nilinde mlango wa choo cha wanaume. Mimi, bingwa wa mkasi, nasimama pale nikikohoa kama mbuzi mgonjwa ili wenzangu wasiingie. Wameshanibatiza Bawabu. Uvumi ukamfikia mke wangu, akaniuliza mimi na mdogo wake huwa tunakutana wapi. Nikasema kweli: chooni. Tangu hapo nalala sebuleni.

Kwa hiyo naomba umgawe. Nusu ya mwanamke ipande ngazi, nusu ya mguu mfupi ibaki chini. Nikipewa vipimo, nitakata mwenyewe, bure. Ikishindikana, mfukuze tu, ingawa wanawe wanakula kwa pasi hiyo, na wakikosa watahamia kwangu sebuleni, na sofa ni moja.

Nisalimie wote ofisini, hata karani anayenuna.

Ni mimi, mtiifu wako hadi mkasi uwe butu,
Bawabu

Nyongeza: Leo, kabla ya kuileta barua hii, nilipanda zile ngazi kukuthibitishia kuwa si kitu. Nikashuka kwa makalio, mguu ukateguka. Hapo hapo nikaletewa kiti, pole, na ufunguo wa lifti ya mizigo, ile ambayo shemeji aliambiwa haibebi watu. Inabeba, Bwana Meneja, na mimi ni mnene. Kumbe dawa ya mguu ni kuuvika suruali! Basi usimgawe. Ufunguo nimempa yeye. Ukiutaka, mfuate ghorofani. Ila ukifika mlangoni, kohoa.